Sigara mbili kwa siku zinatosha kuumiza moyo: namna ya kuacha tumbaku kijijini

Katika vijiji vyetu vya Kivu, Maniema ao Tanganyika, ni watu wachache ndio wananunua sigara kwa paketi. Mtu anafika kwenye butiki, anatoa makuta, anapewa moja, anaiwasha na kiberiti chenye kinabakia pale pale juu ya meza. Asubuhi moja mbele ya kuenda shambani, jioni moja nyuma ya kazi, na siku ya soko ingine moja ao mbili akiwa na kasiksi mkononi. Ukimuuliza kama yeye ni mvutaji, atakuambia hapana, mimi navuta mbili tu, ni ya kuondoa baridi. Akijilinganisha na mtu wa mjini mwenye anamaliza paketi nzima, anajiona kama vile havuti.

Kwa upande wa mapafu, hesabu yake iko na ukweli kidogo. Kansa ya mapafu inafuata sana wingi wa sigara na wingi wa miaka. Lakini moyo hauhesabu vile. Mwaka 2018, watafiti wa Uingereza walikusanya matokeo ya tafiti 141 zilizofuatilia watu kwa miaka mingi, na wakayatoa katika jarida la waganga linaloitwa BMJ. Walichokuta ni hiki: mtu mwenye anavuta sigara moja tu kwa siku anabeba karibu nusu ya ile hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo yenye anabeba mtu wa sigara 20. Amevuta mara 20 kidogo, lakini hatari haikushuka mara 20. Ilishuka nusu tu.

Ndiyo sababu habari hii inamhusu zaidi mvutaji maskini wa kijijini, yeye mwenye kila mara anaambiwa «punguza». Amekwisha kupunguza, mfuko wake ulimpunguzia. Kwa moyo wake, kinachobakia ni kuacha kabisa.

Moshi unafanya nini ndani ya damu

Kila mtu hapa anajua hatari ya kulala na mbabula ya makala ndani ya nyumba iliyofungwa. Kuna hewa mbaya yenye haionekani na hainuki, inaingia katika damu na kuchukua nafasi ya oksijeni, watu wanakutwa asubuhi wamekufa. Hewa hiyo hiyo, monoksidi ya kaboni, iko katika moshi wa sigara. Ni kidogo, haiui usiku mmoja, lakini inafanya kazi ile ile: damu inabeba oksijeni kidogo, na moyo unalazimika kupiga mbio juu ya kufikisha kile kilichobakia. Wakati uo huo nikotini inafanya mishipa ijikaze na tansiyo ipande. Ni kama kumpandisha mtu mlima na mzigo wa mihogo, na huku unamfunga pua.

Kiisha kuna mishipa yenyewe. Moshi unakwaruza upande wa ndani, mahali damu inapita, na mafuta yanaanza kuganda pale. Bomba la maji la kijiji linafanya vile vile: udongo unajikusanya pole pole, robine inaendelea kutoa maji, hakuna mwenye anajua, mpaka siku moja hakuna hata tone. Moshi unafanya pia damu yenyewe igande kwa upesi. Jambo hili la kuganda haliombe sigara nyingi, hata moshi kidogo unalianzisha. Kwa hiyo sigara mbili haziko ndogo.

Donge la damu likifunga mshipa wa moyo, mtu anasikia uzito ao maumivu katikati ya kifua, mara nyingi yanashuka mkono wa kushoto ao kupanda shingoni, jasho baridi linamtoka, pumzi inakosa. Likifunga mshipa wa ubongo, mdomo unapinda, mkono ao mguu wa upande mmoja unakufa, maneno hayatoke vizuri. Hapa kwetu, mzee akianguka ghafula hivi nyuma ya kurudi kwenye pombe, neno la kwanza lenye linazunguka ni sumu. Karuho. Nimeona familia ikivunjika juu ya maneno ya namna hiyo, jirani akikimbia kijiji chake, na marehemu alikuwa mtu wa tansiyo mwenye alivuta miaka 30. Sisemi hakuna watu wabaya duniani. Nasema kwamba dalili hizi zinapotokea, muda wa kutafuta aliyeloga ni muda unaoibiwa mgonjwa. Apelekwe kwenye kituo cha afya saa ile ile, hata usiku, hata kwa tipoyi.

Mtu mwenye iko tayari na tansiyo, ao mwenye ugonjwa wa sukari, na huku anavuta, hatari zake zinasukumana. Wengi hawajui tansiyo yao juu hawajapimwa hata mara moja. Kipimo kile cha kufunga kwenye mkono kiko katika vituo vingi vya afya, na ni dakika chache.

Na tumbaku yetu ya shamba?

Swali hili linakuja kila mara tukizungumzia sigara kwenye redio, zaidi kutoka kwa wazee: ile ya kiwanda iko na madawa, yetu ni jani tu la shambani. Jani ni jani, kweli. Lakini nikotini imo ndani ya jani lenyewe, haikuwekwa na kiwanda. Na kitu chochote cha mimea kinachoungua kinatoa ile hewa ya mbabula. Ukiikunja katika karatasi ya daftari ao kuiweka katika kiko, unavuta pia majivu ya karatasi na masizi. Mama zetu wazee wenye kiko mdomoni ni watu wa heshima, nisieleweke vibaya, lakini kiko hakijui heshima.

Ugoro wa puani na tumbaku ya kutafuna haviko na moshi, kwa hiyo ile hewa ya mbabula haimo. Nikotini imo na inapandisha tansiyo, na ya kutafuna inaleta pia kansa ya mdomo. Si dawa ya kuachia sigara.

Mwili unapona mbio kuliko watu wanavyofikiri

Hapa kuna habari nzuri, na sijui sababu gani inasemwa kidogo hivi. Dakika 20 nyuma ya sigara ya mwisho, mapigo ya moyo na tansiyo vinaanza kushuka. Nyuma ya saa 12, ile hewa mbaya katika damu imerudi kwenye kipimo cha kawaida. Kwa muda wa mwaka 1, hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo imepungua karibu nusu. Nyuma ya miaka 15, moyo wake unakaribia ule wa mtu ambaye hakuvuta hata siku moja. Kansa inachukua muda mrefu zaidi kurudi nyuma; moyo ni wa kwanza kushukuru.

Na wazee? Waganga wa Uingereza walifuatiliwa kwa miaka 50, tangu mwaka 1951, wavutaji na wasiovuta. Wale walioacha wakiwa na miaka 30 walipata karibu miaka 10 ya maisha kuliko wale walioendelea. Walioacha na miaka 40 walipata 9, na miaka 50 walipata 6, na miaka 60 walipata 3. Miaka 3 ni mitoto ya mwisho kumaliza shule.

Chagua siku, na ukate moja kwa moja

Watu wengi wanajaribu kuacha kidogo kidogo, leo tatu, juma lijalo mbili. Inaonekana ni busara. Mwaka 2016 huko Uingereza walijaribu namna zote mbili kwa wavutaji karibu 700, wote wakiwa na msaada na dawa za nikotini. Kundi moja lilipunguza kwa majuma mawili, kundi lingine likakata kwa siku moja. Nyuma ya majuma 4, 39 kwa 100 wa kundi la kwanza walikuwa hawavuti, na 49 kwa 100 wa kundi la pili. Kwa mtu wa sigara mbili ao tatu, tofauti inaonekana hata bila utafiti: kati ya mbili na sifuri hakuna ngazi ya kushukia.

Siku yenyewe ichaguliwe vizuri, ndani ya majuma mawili, si mbali zaidi. Isiwe siku ya soko. Isiwe wakati kuna matanga katika familia. Mimi niliacha mara ya kwanza nikakaa miezi minne, kiisha shemeji akafariki. Usiku wa kwanza kwenye kilio, karibu na moto, mtu akanipa moja bila kuniuliza kitu. Nikarudi kuvuta mwaka mzima. Mara ya pili nilikwisha kujua adui anakaa wapi. Kila mvutaji iko na mahali pake: wengine ni kahawa ya asubuhi, wengine mstari wa wamotari wakingojea abiria, wengine ni usiku wa kulinda shamba ao kuchoma makala. Mahali hapo patafutwe mbele ya siku kufika, na mtu ajue atafanya nini pale.

Usiku wa mbele, sigara zote na kiberiti vinatoka ndani ya nyumba. Deni la sigara kwenye butiki linalipwa na linafungwa. Mwenye butiki anaambiwa waziwazi: «Usinipe tena, hata nikiomba.» Wengi wao wanakubali, zaidi kama ni jirani.

Siku tatu za kwanza ndizo mbaya. Kichwa kinauma, usingizi unakosa, mtu anakasirikia bibi na watoto bure. Kwa wengi, makali yanaanza kushuka nyuma ya juma la kwanza, na kwa majuma 2 mpaka 4 yamekwisha. Familia ijue mapema, juu isifikiri baba amebadilika tabia. Njaa nayo inaongezeka, na wengi wananenepa kilo chache. Kwa moyo, kilo hizo haziharibu faida ya kuacha.

Hamu yenyewe haikai. Inapanda, inafika juu, na kwa dakika 5 ao 10 imeshuka, uvute usivute. Kazi ni kupitisha dakika hizo: kunywa maji pole pole, kutafuna muwa ao karanga, kupiga mswaki, kwenda kuona mbuzi, kushika jembe. Karanga chache mfukoni pale paketi ilikuwa zinakaa zinasaidia mikono kuliko mtu anavyofikiri. Kasiksi na kanyanga, kwa mwezi wa kwanza, ni afadhali kuziacha kando. Si juu ya dini. Ni juu pombe inafungua mkono.

Wengi watavuta tena moja. Ni jambo la kawaida sana, wengi wenye waliacha kabisa walijaribu mara nyingi mbele ya kufaulu. Moja iliyovutwa kwa bahati mbaya siyo sababu ya kununua ya pili.

Dawa zipo, lakini usizingojee

Mwezi wa saba mwaka 2024, Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, lilitoa kwa mara ya kwanza muongozo wa kutibu watu wazima wenye wanataka kuacha tumbaku. Linakubali dawa nne: zile za nikotini za kubandika ao kutafuna, na vidonge vya vareniklini, bupropioni na sitizini. Zinaongeza kweli nafasi ya kufaulu, zaidi zikienda pamoja na mashauri. Lakini ukweli wa kwetu tunaujua. Katika famasi ya kijiji hutazikuta, na mjini zikipatikana bei inashinda sigara yenyewe. Bupropioni haitolewe bila munganga, na mtu wa kifafa haruhusiwe kuitumia. Vidonge vya «kuacha sigara» vyenye vinazungushwa sokoni ndani ya sakoshi, bila karatasi, tuviogope.

Muongozo huo huo unasema kitu kingine ambacho hakiombi famasi: shauri fupi, la sekunde 30 mpaka dakika 3, lenye linatolewa na mfanyakazi wa afya kila mara anapomkuta mvutaji.

Dakika tatu za IT

Katika zone zetu za afya, mtu wa karibu ni IT, yaani muuguzi mkubwa wa kituo, na nyuma yake relais wa kijiji mwenye anapita nyumba kwa nyumba kwa chandarua na chanjo. Munganga iko mbali. Kwa hiyo shauri hilo ni lao.

Haliko jambo la ajabu. Kumuuliza kila mgonjwa kama anavuta, na kuandika jibu kwenye fishi yake sawa vile tunaandika uzito. Kumuambia wazi kwamba kuacha kabisa ndiyo dawa kubwa ya moyo wake, na kufunga neno hilo na kile kilichomleta: kikohozi, tansiyo, mimba ya bibi yake. Kumuuliza kama iko tayari. Akisema ndiyo, kuandika tarehe mbele yake, na kumpa siku ya kurudi, juma la kwanza nyuma ya tarehe hiyo, juu pale ndipo wengi wanaanguka. Akisema hapana, kumuacha kwa upole na kumuuliza tena mara ingine. Kumkaripia hakusaidie, anajifunza kudanganya tu. Kijana mwenye anamuhoji mzee aanze na heshima, «Papa, munaniruhusu niwaulize neno moja?», na mambo yanaenda.

Faida yake ni ndogo kwa macho. Wavutaji wenye wanaacha wenyewe bila msaada ni 2 ao 3 kwa 100, na shauri fupi la munganga linaongeza 1 mpaka 3 wengine. Mtu atasema, basi ni bure. Lakini hesabu watu wenye wanapita katika kituo kimoja mwaka mzima, na kumbuka kwamba haikugharimu hata sindano moja. Wagonjwa wa kifua kikuu, wenye wanarudi kuchukua dawa miezi sita, hao wanaweza kufuatiliwa vizuri kuliko wengine wote.

Nchi yetu ilikubali mwaka 2005 mkataba wa OMS juu ya kupinga tumbaku, na kifungu cha 14 cha mkataba huo kinaomba serikali zisaidie watu kuacha. Kutoka karatasi mpaka kituo cha afya cha mlimani, njia ni ndefu.

Makuta ya sigara katika MUSO

Tufanye hesabu. Weka bei ya kijijini kwenu; mimi natumia mfano wa franka 200 kwa sigara moja. Mtu wa sigara 5 kwa siku anatoa franka 1.000. Kwa mwezi ni 30.000, kwa mwaka ni 365.000. Hata mtu wetu wa sigara mbili anachoma 146.000. Uliza sokoni bei ya mbuzi, kiisha rudi kwa hesabu hii.

Lakini hesabu peke yake haiachishe mtu. Huko Ufilipino, kwenye kisiwa cha Mindanao, benki moja ilijaribu kitu na wateja wake wa kipato kidogo. Mvutaji anafungua akiba, anaweka ndani makuta aliyokuwa anachoma, kwa miezi 6 hawezi kuyagusa. Mwisho anapimwa mkojo. Kama hakuna nikotini, anarudishiwa yote. Kama imo, makuta yanaenda kwa watu wenye shida. Waliokubali walikuwa wachache, karibu 11 kwa 100. Lakini utafiti ulitolewa mwaka 2010 ukionyesha kwamba wale waliopewa nafasi hiyo waliacha zaidi kuliko wengine, na nyuma ya mwaka walipopimwa kwa kushtukizwa, tofauti ilikuwa bado.

Sisi hatuna kipimo cha mkojo, lakini tuna MUSO, tuna AVEC, tuna likelemba, na tuna kitu chenye benki haina: kila mtu anamuona kila mtu. Mwanamemba anaweza kuomba akiba yake ya sigara iandikwe kando, mbele ya wote, kwa miezi 6. Akionekana anavuta, inaingia katika kisanduku cha msaada. Mimi naamini ingefaa kujaribiwa, kwa kupenda kwa mtu mwenyewe na si kwa kulazimishwa, juu kulazimishwa kunaleta wavutaji wa nyuma ya choo.

Bibi, watoto, na moshi wa wengine

Mtu mwenye havuti lakini anaishi na mvutaji, hatari yake ya ugonjwa wa moyo inapanda kwa 25 mpaka 30 kwa 100. Kwa mama mwenye anapikia ndani, moshi huo unaongezeka juu ya ule wa kuni. Kama baba hajakuwa tayari kuacha, aanze kuvutia nje kabisa, mbali na mlango. Na asimtume mtoto kununua na kuwasha. Wangapi wetu walivuta pumzi ya kwanza wakiwashia mzee sigara kwenye moto wa jikoni?

Sigara inatuliza, wanasema pia, zaidi wale waliokimbia vita na wanalala katika mahema na mawazo mengi. Siwezi kumcheka mtu huyo. Sehemu kubwa ya utulivu ule ni nikotini inakuja kuondoa uchungu wenye yenyewe ililetea saa mbili zilizopita, na tafiti zinaonyesha kwamba walioacha, nyuma ya majuma machache, wasiwasi na huzuni vinapungua kuliko wakati walipokuwa wanavuta. Lakini mtu mwenye hali usingizi juu ya yale aliyoyaona anahitaji kwanza mtu wa kumsikiliza, na katika vituo vingine kuna washauri wa mambo ya akili, ambao wanaitwa APS. Mambo hayo mawili yaende pamoja.

Mwenye anataka kuanza, achukue kalenda ya kanisa ao ya simu, atie alama kwenye siku moja ndani ya majuma mawili, aonyeshe mtu mmoja katika nyumba. Siku hiyo isipokuwa ya soko, apite kwenye kituo cha afya apimwe tansiyo, na aombe IT aandike namba hiyo na tarehe ile katika fishi yake. Arudi apimwe tena nyuma ya mwezi mmoja.